Akitimiza miaka 18, anakwenda wapi?

Mwaka juzi, kijana niliyekuwa nikimfunza hesabu kila Jumamosi katika makao ya watoto hapa Pwani alinipigia simu usiku. Alikuwa steji ya Likoni na begi moja. "Mwalimu, nimeambiwa nimeshakuwa mtu mzima," akaniambia. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umekwisha, umri umetimia, na kitanda chake kapewa mtoto mwengine. Wasimamizi si watu wabaya. Walimlea miaka 11 na wakamsomesha. Kilichokosekana ni mpango wa siku ya kuondoka.

Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017. Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala, malezi ambayo sisi Waislamu wa Pwani twayajua tangu zamani, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwenye familia. Nauunga mkono. Lakini aliye na miaka 17 leo, asiyejua hata jamaa mmoja, mageuzi hayo yaweza kumpita. Siku akitimiza 18, sheria haimwiti tena mtoto.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 kuhusu malezi mbadala wasema maandalizi yaanze mapema, kabla kabisa ya siku ya kutoka, na kila kijana, inapowezekana, apewe mtu maalumu wa kumsaidia kujitegemea. Kwa hali yetu, naona mambo matatu.

La kwanza ni karatasi. Afisi ya kitambulisho huuliza cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Asiyemjua mzazi atatoa nini? Katiba, kifungu cha 14(4), yasema mtoto aliyeokotwa Kenya akionekana hajafika miaka minane, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Haki hiyo haijigeuzi kadi yenyewe. Lazima mtu mzima aifuatilie, na wakati wa kuifuatilia ni kijana angali makaoni, faili lake lipo na afisa wa watoto amjua. Akishatoka, bila kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hana Hustler Fund.

La pili ni ufundi na pa kulala. Hapa magavana wetu sita wasiseme watoto ni kazi ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limewapa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na katika mstari huo huo limewapa vituo vya kulelea watoto. Kila kaunti yaweza kutenga nafasi za vijana hawa katika vyuo vyake, karo ikatoka kwenye basari, na kodi ya chumba kwa miezi ya mwanzo ikawekwa kwenye bajeti. Vikao vya umma vya bajeti vipo. Twende tukaulize.

La tatu ni mtu, na hili latuhusu sisi. Ramadhani twapeleka mchele na tende makaoni, twapiga picha, twarudi majumbani. Mchele huliwa ukaisha. Fundi akimchukua kijana mmoja wa miaka 16 akae naye gereji wakati wa likizo, au familia ikimkaribisha kila sikukuu, siku ya kutoka atakuwa na mlango wa kubisha.

Yule kijana alilala sebuleni kwangu wiki mbili. Sasa anachomelea vyuma Mtongwe, na fundi wake amsifu. Lakini hadi leo hana kitambulisho, na simu anayotumia imesajiliwa kwa jina langu. Yeye alikuwa na namba ya mtu wa kumpigia usiku ule. Wako wanaotoka mwaka huu, na wengine hawana namba ya mtu yeyote.