Uzio wa Masale

Hapa kwetu Kirua Vunjo kihamba huzungushiwa masale. Mtoto mdogo anajua kuwa masale hayamzuii mwizi. Yanaonyesha tu mpaka ulipo.

Mwaka jana mpwa wangu alitufungia ruta ya intaneti. Akaorodhesha simu za jamaa, kila moja kwa namba ile ndefu iitwayo anwani ya MAC, akaiamuru ruta izikatae nyingine zote. Kisha akaondoa nenosiri, eti halina kazi tena. "Mjomba, sasa hapiti hata sisimizi," akatamba.

Nami nasema, wanaofundisha kwamba huu ni ulinzi wanatupotosha. Anwani ya MAC husafiri hewani bila kufichwa. Mwenye kompyuta na programu ya bure ataisoma akiwa barabarani, ataivaa kama shati la kuazima, na ruta itamkaribisha kama mtoto wa nyumbani.

Tena aliyezuiwa kwetu hakuwa mwizi, alikuwa mama yangu mzazi. Mpwa alinakili namba ya kiwandani, kumbe simu nyingi zilizotoka tangu 2020 hujibunia anwani nyingine ziingiapo katika mtandao, ili mwenye simu asifuatiliwe. Siku mbili mzee wa watu hakuweza kumwona kwenye simu mwanawe aliyelazwa Dar es Salaam. Akadhani tumemfungia mlango makusudi.

Wapo watakaoniambia: basi acha wazi, mbona Wachagga tunagawana hata maji ya mfongo? Naam, tunagawana. Lakini mfongo una zamu, na una wazee wa kuusimamia. Ni nani aliyepata kuruhusu kila mpita njia ajifungulie maji? Na uovu ukitendeka kupitia laini yako, mlango wa kwanza kubishwa ni wako.

Dawa haina fumbo. Weka nenosiri refu, pamoja na ulinzi wa WPA2 au WPA3. Badilisha nenosiri la kiwandani la kuisimamia ruta. Wageni wafungulie mtandao wao wa pembeni, nao wakaribishwe kwa heshima. Ile orodha ifute.

Masale nayo tuyaachie kazi yake. Kwetu jani la isale hupelekwa kuomba msamaha. Mimi nilichuma moja, nikampelekea mama.