Mbabula chumbani: kifo ambacho watu wanakiita uchawi

Baridi imerudi Kinsevere. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa huku Katanga unaweza kushuka chini ya digrii 10, na chumba cha matofali na mabati hakizuii kitu. Bukari ikisha kuiva, mama anabeba mbabula yenye makala mekundu na kuiingiza mahali watoto wamelala. Anaziba dirisha kwa gunia. Chini ya mlango anasukuma kitambaa, upepo usipite. Anafanya hivyo kwa upendo, na kwa njia hiyo hiyo familia nzima inaweza kulala isiamke tena.

Jambo kama hilo likitokea, maneno ya lupango yanajulikana. Wamelogwa. Wamelishwa sumu. Bibi mmoja mzee ananyooshewa kidole, na pengine anafukuzwa kwa mawe. Kesho yake majirani waliolia kwenye matanga wanawasha mbabula zao na kufunga madirisha vilevile.

Uongo huo lazima ukome. Aliyeua si bibi. Ni hewa ya mle chumbani.

Makala yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha yanatoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haionekani, hainuki, haiwashi macho. Mtu akiivuta, inashika damu kwa nguvu kuliko hewa safi inavyoishika, zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa ingawa mtu bado anapumua. Kwanza kichwa kinauma. Halafu kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito. Aliyekwisha kulala hapati hata nafasi ya kusikia kichwa kikiuma.

Ndiyo maana ule usemi wa mitaani, kwamba makala yakisha kuwa mekundu na moshi ukaisha hatari nayo imeisha, ni usemi wa kuua. Moshi unaoonekana humfukuza mtu nje akikohoa. Hatari kubwa ni ile inayobaki wakati kila kitu kinaonekana kimetulia.

Cha kushangaza, watu hao hao wanaogopa jiko la gesi. Wanasema mtungi utalipuka. Ni kweli, mtungi uliotunzwa vibaya unaweza kuchoma nyumba. Lakini gesi ya kupikia imetiwa harufu makusudi ili ikivuja watu waisikie. Mpira wake unaweza kupimwa kwa povu la sabuni: povu likitoa mapovu mapya, pale panavuja. Mpira uliopasuka unabadilishwa, haufungwi kwa kamba wala kwa plasta. Mtungi unasimama wima, mbali na moto, na unafungwa kabla ya kulala. Harufu ikisikika usiku, hakuna kuwasha kiberiti wala kugusa swichi ya taa: ni kufunga mtungi, kufungua mlango na kutoka. Mlango, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na inakaa chini, kwa hiyo kidirisha cha juu hakitoshi.

Lakini asije mtu akanunua gesi na kuendelea kuziba dirisha. Jiko la gesi lenye uchafu, linalowaka njano badala ya buluu na kupaka sufuria masizi, linatoa kaboni monoksidi ile ile. Moto wowote, wa makala, wa kuni au wa gesi, ukifungiwa na watu waliolala unageuka adui.

Sasa, nani aulizwe? Wengi wanapenda kumlaumu mama. Ni rahisi kumlaumu mama. Lakini mama hakujenga chumba kile. Mwenye nyumba anayepangisha chumba kisicho na tundu hata moja la kupitishia hewa, na kuchukua pesa yake kila mwisho wa mwezi, naye aulizwe. Wanaogawia familia zilizokimbia vita shitingi, unga na sufuria bila blanketi za kutosha, na bila neno hata moja juu ya moto wa ndani, nao waulizwe. Mtu aliyetoka Mitwaba, Pweto au Kivu hana nguo za baridi wala jirani wa kumwonya. Kumpa mahali pa kulala bila kumwambia hayo ni kazi iliyoachwa nusu.

Na serikali iulizwe pia. Hapa Kinsevere shaba inatolewa kwenye mawe kwa nguvu ya umeme. Katika nchi nzima, raia wenye umeme nyumbani ni karibu 2 tu kati ya 10. Shaba inapata umeme wakati mtoto anaota moto wa makala ya miti ya miombo inayozidi kuisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Tanzania, jirani wa ng'ambo ya ziwa, imejiwekea lengo la kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya watu ifikapo 2034. Lengo si jiko, lakini angalau wananchi wana kitu cha kuwadai viongozi wao.

Wengine watajibu kwamba maskini hana la kuchagua. Gesi ni ghali, kweli. Umeme haupo, kweli. Lakini kuiacha mbabula nje kabla ya kulala hakuhitaji pesa. Jiwe lililopashwa moto, likafungwa kwenye nguo na kuwekwa miguuni, halitoi sumu. Watoto kulala pamoja chini ya blanketi moja, vilevile. Na kama lazima moto uingie wakati watu wako macho, mlango ubaki wazi na mtu mzima asisinzie.

Akikutwa mtu amelegea chumbani, apelekwe nje kwenye hewa kwanza, kisha kituo cha afya mara moja, hata akionekana amepata nafuu. Asinyweshwe maziwa wala mawese: aliyezimia anaweza kupaliwa na kufa.

Na yule bibi mzee aachwe kwa amani. Kabla ya kumtafuta mchawi, watu waangalie kwanza mbabula imelala wapi.