Kufuli dhaifu za seva ni tisho kwa Eastlands

Mwezi Julai 2023, Wakenya walionja shubiri ya uhalifu wa mitandaoni pale mfumo wa eCitizen ulipolemazwa. Maombi ya pasipoti na leseni za udereva yalikwama, huku wengine wakitatizika kununua umeme. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Waziri wa Teknolojia wakati huo, Bw Eliud Owalo, alikiri mfumo ulishambuliwa lakini akashikilia kwamba hakuna data iliyopotea.

Shambulio hilo lilikuwa la kuziba mlango. Seva zilimiminiwa maombi ya uongo hadi zikashindwa kuwahudumia wananchi. Hatari kubwa zaidi ni mhalifu anayeingia kimyakimya akiwa na ufunguo wa mwenye nyumba.

Hatari hiyo haiko katika afisi za serikali pekee. Kuanzia Buruburu hadi Kayole, Umoja hadi Dandora, zipo shule, zahanati na vyama vya akiba ambavyo rekodi zao zimo katika kompyuta. Mara nyingi fundi huzisimamia akiwa mbali, kupitia intaneti. Akitumia nywila nyepesi, au akiacha ile iliyotoka kiwandani, amewarahisishia kazi wadukuzi, ambao programu zao hujaribu maelfu ya nywila usiku na mchana.

Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 inamtoza anayeingia bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Nayo ile ya kulinda data ya 2019 inaitaka taasisi iliyovamiwa, iwapo wenye data wamo hatarini, kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Hata hivyo, sheria humwandama mwizi baada ya wizi. Nambari ya kitambulisho ikishaibwa, hairudishwi na hakimu.

Kinga yenyewe si ghali. Fundi atumie ufunguo wa kidijitali badala ya nywila, na athibitishwe mara ya pili kupitia simu. Njia zisizotumika zifungwe. Anayeacha kazi aondolewe idhini siku hiyo hiyo. Nayo maduka ya intaneti, almaarufu saiba, yatenganishe kompyuta za wateja na zile za hesabu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wasimamizi wa taasisi hizi wanapaswa kuwauliza mafundi wao swali moja: ni watu wangapi walio na ufunguo?