Safari ya mwaka huu tupitie Ripley

Kila kikao cha kupanga safari ya mwaka kinaishia palepale: Niagara. Sina ugomvi na Niagara, maji yale ni ya kutazamwa. Ila safari hii natoa hoja tupite kwanza Ripley. Najua wengi mtauliza, Ripley ndiyo wapi tena?

Ni kijiji cha watu kama 1,500 kando ya Mto Ohio, kilomita 80 hivi kutoka Cincinnati, upande wa juu wa mto. Ng'ambo unaiona Kentucky. Leo unavuka bila hata kuulizwa kitambulisho, lakini hadi 1865 mto ule ulikuwa mpaka kwelikweli, Namanga ni mchezo. Kule Kentucky mtu aliuzwa kama ng'ombe. Pale Louisville, wanaposoma wenzetu, madalali walikuwa wakinunua watu na kuwapeleka kusini hadi Natchez na New Orleans. Huku Ohio, katiba ya 1802 ilikataza utumwa.

Msidhani basi kwamba huku ilikuwa pepo. Sheria ya 1804 ilimtaka mtu mweusi awe na cheti cha mahakama kuthibitisha kwamba yu huru. Ya 1807 ikamtaka atafute wadhamini wa dola 500, na ikamzuia kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Halafu ikaja sheria ya 1850 ya kuwarudisha waliotoroka, iliyomfunga jela hata mwenye huruma aliyewaficha. Ndiyo maana watu hawakuishia Ripley wala Columbus, waliendelea hadi Buffalo, wakavuka Mto Niagara kuingia Kanada, ambako Mwingereza alikuwa ameshafuta utumwa mwaka 1834. Louisville, Columbus, Buffalo: miji yetu mitatu yote imo katika habari hii!

Wageni wengi wakifika Ripley hupanda kwanza mlimani, kwenye nyumba ya mchungaji John Rankin, mzungu aliyefika kijijini 1822. Taa ya dirishani kwake ilionekana ng'ambo ya mto. Mwaka 1838 mama mmoja alivuka juu ya barafu iliyokuwa ikipasuka, mtoto mikononi, akapokelewa na familia ile. Inasemekana kisa hicho ndicho kilichomfikia Harriet Beecher Stowe, akakitia katika riwaya yake ya 1852. Rankin na wanawe walistahili sifa, hilo sipingi.

Lakini mimi ningeanzia chini, mtaa wa ukingoni mwa mto, kwa John Parker. Huyu alizaliwa mtumwa Norfolk, Virginia, 1827. Akiwa na miaka minane aliuzwa, akatembezwa katika minyororo, mwishowe akafika Mobile. Huko alijifunza kusubu chuma, akafanya kazi hadi akajinunua mwenyewe mwaka 1845 kwa dola 1,800. Fikirini, mtu anajilipia bei yake mwenyewe! Alipohamia Ripley akafungua kiwanda cha chuma, baadaye akapata hataza za mashini alizozibuni. Mchana fundi, usiku anavuka kwa mtumbwi kwenda Kentucky, kulekule ambako angekamatwa angekwisha, kuwachukua watu. Mwenyewe alisimulia jinsi bwana mmoja alivyomlaza mtoto wa watumwa wake chumbani mwake ili wazazi wasitoroke. Parker akaingia kwa kunyata, akamtoa mtoto bwana akiwa amelala. Masimulizi yale yalikaa katika makaratasi zaidi ya miaka 100, yakatoka kitabu 1996. Mwenye taa alijulikana mapema. Mwenye mtumbwi alisubiri sana.

Sasa nawasikia wale wa “hiyo ni historia ya Wamarekani weusi, sisi hatukuletwa kwa minyororo”. Jamani, kauli hii tunaitoa kirahisi mno, tena mbele ya wenyeji wanaotukaribisha. Waulizeni Wazigua mnaoishi nao jirani Columbus, Louisville na Buffalo, ambao kwenye makaratasi ya Marekani wanaitwa Wabantu wa Kisomali. Babu zao walichukuliwa karne ya 19 kutoka upande wa Handeni wakapelekwa Somalia kulimishwa. Wakatoroka, wakajenga vijiji vyao msituni kando ya Mto Juba, na Kizigua wakakitunza. Vita vya 1991 vikawafukuza tena hadi Dadaab na Kakuma, na kuanzia 2003 Marekani ikawapokea zaidi ya 12,000. Mtoro kwetu shuleni ni mwanafunzi anayekwepa vipindi. Pwani zamani lilikuwa jina la mtumwa aliyekimbia. Neno tunalo wenyewe, halafu tunasema mambo hayo hayatuhusu?

Kwa hiyo naiomba kamati: kutoka Columbus ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Tuwaalike vijana wa Kizigua na chama cha wanafunzi Wamarekani weusi, gari tuchangie. Tuanze kwa Parker, ndipo tupande ngazi kwenda kwa Rankin. Ila mtu apige simu kwanza, makumbusho madogo hayafunguliwi kila siku. Niagara itatungoja, haina pa kwenda.