Lugha mbili, ndimi tatu: Mtihani wa wanaotamani kusomea Hong Kong

MWANAFUNZI Mkenya aliyejifunza Kimandarini katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 2005, anaweza kudhani ameshavuka kizingiti cha lugha akipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong, CUHK.

Akishuka katika stesheni ya treni ya chuo hicho, eneo la Sha Tin, atatanabahi kwamba wauza chakula, madereva na wenzake wengi wa bwenini huzungumza Kikantoni, ambacho mzungumzaji wa Kimandarini haelewi asipokisomea. Hata maandishi yatamtatiza: Hong Kong hutumia herufi za jadi, ilhali China Bara hutumia zilizorahisishwa.

CUHK hujitambulisha kama chuo cha lugha mbili, Kichina na Kiingereza. Kwa hakika, mwanafunzi hukabiliana na maandishi ya aina mbili na ndimi tatu.

Hali hiyo ina historia yake. Chuo Kikuu cha Hong Kong, kilichoasisiwa na Waingereza mwaka wa 1911, kilifundisha kwa Kiingereza, na waliosoma katika shule za Kichina wakakosa pa kuendeleza masomo. CUHK kikaundwa Oktoba 1963 kwa kuunganisha vyuo vitatu: New Asia, Chung Chi na United. Utangulizi wa sheria ya chuo hicho unataja Kichina kuwa lugha kuu ya kufundishia.

Hata hivyo, katika miaka ya 2000 usimamizi uliongeza masomo ya Kiingereza ili kuvutia wanafunzi wa kigeni. Baadhi ya wanafunzi wenyeji walipinga, na mmoja wao akawasilisha kesi mahakamani. Alishindwa, mahakama ilishikilia kuwa utangulizi huo haukifungi chuo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji hao walihofia kuwa mgeni angekuja, nao wapoteze lugha yao katika chuo kilichojengwa kwa ajili yake.

Kwa mwanafunzi kutoka Kenya, uamuzi huo ulipanua mlango. Anaweza kusoma kozi nyingi kwa Kiingereza. Anayefanya utafiti wa uzamifu katika sayansi huenda asitatizike sana, na tangu 2009 kumekuwa na ufadhili wa serikali ya Hong Kong kwa watafiti wa uzamifu kutoka nchi yoyote.

Ugumu huanza nje ya darasa. Tangu 2008, mgeni aliyehitimu shahada Hong Kong ameruhusiwa kubaki kutafuta kazi bila kuwa na mwajiri. Muda huo ulikuwa miezi 12, na mwishoni mwa 2022 ukaongezwa hadi 24. Lakini kibali si kazi. Mwajiri anayewahudumia wenyeji atadai Kikantoni, naye anayefanya biashara na China Bara atataka Kimandarini.

Ndiposa mzazi anayekusudia kuuza shamba ili amlipie mwanawe karo anapaswa kuuliza mengi zaidi ya jina la chuo. Je, masomo ya lazima ya kozi hiyo hufundishwa kwa lugha gani? Mazoezi ya nyanjani yatamkutanisha mwanafunzi na wagonjwa, wateja au wanafunzi wa lugha ipi? Je, ratiba ina nafasi ya kujifunza Kikantoni tangu muhula wa kwanza?

Majibu hayo ndiyo yatakayobaini iwapo atarejea na shahada pekee, au na shahada pamoja na ulimi wa kuitumia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huko Hong Kong kuinama ni kujifunza lugha ya mwenyeji hata pale ambapo mwalimu hailazimishi.