Faini za pikipiki tunazijua, breki zake hatuzijui

Na Elia Mnyukwa

Mahindi yakishauzwa Kibaigwa na alizeti ikishatoka shambani, Mlali, wilayani Kongwa, huingia msimu wa kununua pikipiki. Kijana ana fedha taslimu, mpya haimudu, na rafiki wa rafiki anamwambia kuna Boxer moja safi kabisa, mwenyewe ana shida ya haraka. Jioni hiyo hiyo biashara imekwisha. Wameandikishana kwa mtendaji wa kijiji, mashahidi wametia saini, na kijana anaondoka na ufunguo pamoja na nakala ya kadi.

Kwa nini nakala? Kadi halisi iko wapi?

Pikipiki nyingi za vijijini kwetu zilianza maisha kwa mkataba. Tajiri ananunua chombo, dereva anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya mwaka au zaidi pikipiki inakuwa yake. Mpaka hesabu ya mwisho iingie, kadi halisi hukaa kwa tajiri, au kwa taasisi iliyotoa mkopo. Dereva akichoka katikati ya mkataba, au akizidiwa na madeni, anaweza kumuuzia mtu wa kijiji cha mbali pikipiki ambayo si yake. Mnunuzi wa namna hiyo amenunua kesi.

Kwa hiyo shika kadi halisi, uchuchumae kando ya chombo, uisome. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, na ile ya injini, na zilizo kwenye kadi, tarakimu moja baada ya nyingine. Ukikuta pamesagwa, au pamepakwa rangi ambayo sehemu nyingine za fremu hazina, ondoka. Jina la kwenye kadi likiwa la mtu mwingine, huyo mtu aje mwenyewe. Kisha nendeni TRA mkahamishe umiliki, muuzaji na TIN yake, mnunuzi na yake. Karatasi ya mtendaji ni ushahidi kwamba mlikubaliana, lakini haibadilishi mmiliki. Najua wengi wanakwepa gharama na usumbufu wa safari hiyo. Siku pikipiki ikimgonga mtoto anayetoka shule, jina litakalotafutwa kwanza ni lile la kwenye kadi, na aliyeuza miaka miwili nyuma ataamshwa usiku kwa jambo asilolijua.

Kuna mengine ambayo simu inaweza kukuambia ukiwa bado hujatoa hata shilingi. Mfumo wa madeni wa polisi wa usalama barabarani unasomeka kwa namba ya usajili, ile inayoanza na MC. Ingiza namba, uone kama chombo kina faini ambazo hazijalipwa. Tangu bajeti ya mwaka 2021 faini ya bodaboda ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja, lakini makosa yakirundikana bado ni mzigo wa kurithi. Bima nayo inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA. Hizi ni kazi nzuri za serikali na ninazipongeza kwa moyo wote.

Ila tazameni kilichokosekana. Kwa namba hiyo hiyo naweza kujua pikipiki inadaiwa shilingi ngapi na bima yake ni hai au imekufa, lakini siwezi kujua kama breki zake zilishawahi kukaguliwa na mtu yeyote. Ikipata ajali kubwa, mkaguzi wa magari wa polisi huikagua na kuandika ripoti, na ripoti hiyo huishia kwenye jalada la kesi. Fremu inanyooshwa, inachomelewa, inapigwa rangi, na mnunuzi wa mwakani anaambiwa haijawahi kuanguka. Kwa miaka mingi Wiki ya Nenda kwa Usalama imekuja na stika za ukaguzi, lakini stika haisemi kilichokutwa kibovu ni nini na kilirekebishwa au la.

Sisi wa Kongwa tuna sababu ya pekee ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na mradi mkubwa wa karanga. Matrekta mapya hayakupatikana baada ya vita, wakanunua yaliyotumika, mengi kutoka kwenye masalio ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yalikuwa yamechakaa, na kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ilikuwa imelala karakana. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, ukiwa umeteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Ukame na udongo wetu mgumu vilichangia sana, sikatai, lakini mashine zilizonunuliwa kwa haraka zilikuwa sehemu ya anguko lile.

Leo huko Uingereza pikipiki ikitimiza miaka mitatu lazima ipimwe kila mwaka, na mtu yeyote mwenye namba ya usajili anaweza kusoma bure mtandaoni ilipimwa lini, ilikuwa imetembea umbali gani, na kama ilifeli, ilifeli kwa sababu gani. Kwetu hata umbali hatuujui, kwa kuwa waya wa spidomita huwa umekatika zamani.

Mnunuzi wa Mlali anabaki na macho yake na fundi. Basi fundi awe wako, asiwe wa muuzaji. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaiwasha mwenyewe ikiwa ya baridi. Ukifika ukakuta injini ina moto, subiri ipoe. Moshi wa bluu usioisha unasema inakula oili, na huenda ringi au silinda imekwisha. Nyanyua gurudumu la mbele, uzungushe usukani polepole. Ukikwama katikati, beringi zimeliwa. Simama nyuma yake uone kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Pikipiki iliyobeba mkaa na mishikaki ya watu wanne kwenye makorongo yetu hupinda, na rangi mpya haiwezi kulificha hilo. Fungua kichujio cha hewa uone vumbi lilivyoingia.

Na serikali nayo ifanye sehemu yake. Bodaboda ndiyo inayompeleka mjamzito zahanati usiku na mwanafunzi shule asubuhi, na leseni yake ya biashara inatolewa na mamlaka. Leseni hiyo isitolewe wala kuhuishwa bila ukaguzi, na ukaguzi ufanyike Kibaigwa na Kongwa mjini, siyo kumfukuza mtu mpaka Dodoma kupoteza siku ya hesabu. Matokeo yaingizwe kwenye mfumo ule ule wa faini ambao tayari unafanya kazi: tarehe, breki, taa, tairi, usukani, fremu, na jina la aliyekagua. Gharama ya kuongeza mistari hiyo haiwezi kuwa kubwa kuliko ya kujenga mfumo wenyewe, na mfumo umeshajengwa. Madiwani wetu walipeleke jambo hili kwenye kikao kijacho cha baraza, na wabunge wa mkoa walibebe kutoka hapo.