Sauti nyepesi hufika mbali
Mei 2015, redio binafsi za Bujumbura, zikiwamo RPA na Bonesha, ziliposhambuliwa na kunyamazishwa, baadhi ya habari zilihamia WhatsApp kama faili za sauti. Somo hapo ni la kiufundi pia: redio zetu zitoe kila taarifa kwa Opus, kiwango huria cha kubana sauti kilichopitishwa mwaka 2012. Kwa kilobiti 16 kwa sekunde, maneno husikika vizuri, na dakika 10 hula megabaiti 1.2 tu, wakati MP3 ya kilobiti 128 hula karibu 10. Wapo watakaosema FM haidai bando. Ni kweli, nayo ibaki; lakini mnara ukizimwa, wasikilizaji wote hukosa, ilhali faili hupita simu hadi simu. Akiba haiozi.